Mama na Stesheni Isiyo na Treni

18 Machi

Mvua imeanza na mimi nimeanza kuoza. Kundi la mwisho tulilishusha getini wiki iliyopita, wageni wakatuaga, wagumu, wapagazi wetu, wakatawanyika na mabegi yao, na sasa mpaka Juni mlima ni wa mawingu. Mwaka huu sikutaka kukaa kwenye chumba changu cha mjini, Pasua, nikisikiliza ugomvi wa majirani. Nimepanda kwa Mama, hapa kijijini Mamba, nile ndizi zake na kumkatia ng'ombe majani.

Safari hii nina hamu na Juni kuliko miaka yote. Bosi ameniambia nikirudi nitaongoza kundi langu mwenyewe. Nimekuwa msaidizi wa wanaume kwa muda mrefu, wengine wao nimewafundisha mimi kufunga kamba za hema. Juni ni yangu.

Kitu kimoja tu kinaweza kuniharibia, nacho ni makubaliano yetu na kaka Isack tuliyofanya baada ya kumzika Baba. Mama atabaki kihambani kwake, kwenye nyumba na migomba yake, maadamu anajiweza. Siku akishindwa, ama Isack anamchukua Dar, ama mimi naacha mlima nakaa naye. Mama alipoambiwa alisema sawa, akaenda kukamua.

Leo nimemtazama vizuri. Anajiweza, tena kuliko mimi.

19 Machi

Mvua.

20 Machi

Mvua. Nimepanga viatu. Nimepangua viatu.

22 Machi

Kila jioni, ng'ombe akishakamuliwa, Mama anakaa kwenye kiti cha Baba na tunaangalia Stesheni. Ni vichekesho vya zamani vya runinga, Stesheni Isiyo na Treni. Baba alinunua kanda zake zote mjini Moshi kwa Mzee Kishor, enzi hizo duka lake likiwa la kukodisha video. Deki ni ile ile, kubwa kama sanduku la nguo, na kabla ya kuwaka inakohoa.

Kwa asiyejua: kuna stesheni ndogo porini. Bwana Kengele, mkuu wa stesheni, anafagia jukwaa kila asubuhi na kupiga kengele. Bi Zuhura anakaa dirisha la tiketi akifuma vitambaa. Abiria, hana jina lingine, amekalia sanduku lake tangu kanda ya kwanza. Anauliza, "Bado?" Bi Zuhura anamjibu bila kuinua macho, "Ilikotoka imeshatoka." Treni haiji. Ndiyo hadithi nzima, na Baba alikuwa akicheka mpaka anatoka nje kupumua.

Nilikuwa naipenda nikiwa mtoto. Sasa hivi, nikiwa nimefungiwa na mvua, kumwangalia mtu aliyekalia sanduku kunanikera. Mama yeye anacheka kabla hata ya kichekesho kufika. Nikimuuliza kama mtori umeiva ananiambia ulikotoka umeshatoka.

27 Machi

Mama ana tabia mpya. Akimimina chai anatumbukiza ncha ya kidole kikombeni. Nimemwambia si usafi. Akasema kidole ni chake na kikombe ni chake, na mimi kama nimezoea kunyweshwa chai na wapishi niende huko kwa wapishi wangu. Ningekwenda leo hii, kama njia ingekuwepo.

28 Machi

Nimetembea hadi barabarani na kurudi. Hakuna nilichokwenda kufanya.

2 Aprili

Nimetoka kukata migomba ya ng'ombe nikiwa nimelowa hadi mifupani. Naingia, Mama anaangalia Stesheni, anacheka peke yake, na runinga yote ni chenga. Hakuna Bwana Kengele wala jukwaa, ni theluji tupu na sauti zinazungumza ndani yake.

Nikamwambia picha hamna. Akasema anajua.

"Sasa unaangalia nini?"

"Kwani redio ina picha? Na watu si wanacheka?"

Mama hajawahi kushindwa ubishi tangu nimfahamu. Deki itakuwa imeota ukungu kwa unyevu huu. Ikitulia nitaipeleka mjini.

6 Aprili

Tumetoka kanisani na aibu ninayo mimi.

Kihamba chetu kimepakana na cha mama mdogo Rachel, mjane wa mdogo wake Baba. Kati yetu kuna mstari wa masale tu, mimea yetu ya mpaka, na tangu niko mdogo milango hii miwili ilikuwa kama mmoja. Leo baada ya ibada mama mdogo alimfuata Mama uani, akamnyooshea mkono mbele ya watu wote. Mama akampita kama anavyopita nguzo. Mkono wa mtu ukabaki hewani.

Mama mdogo alinivuta pembeni. Akaniambia hii si mara ya kwanza, amepishana naye kwenye mfereji na kwenye njia ya kisimani, na hapewi hata salamu ya kinafiki. Amejiuliza amekosa nini mpaka amechoka. Huku kwetu mtu akikunyima salamu amekutangazia vita, tena vita vya kurithisha watoto. Nilikosa pa kuweka uso.

Njiani nilimuuliza Mama. Akasema, "Mwambie nimezeeka, nimeota kiburi." Akanishika mkono mpaka nyumbani, kwa sababu ya utelezi, alisema.

8 Aprili

Nimefanya jambo, na Mama hasemi nami.

Asubuhi nilikwenda mpakani nikachuma jani la sale, nikalifunga fundo, nikampelekea mama mdogo Rachel. Anayejua anajua: ukiletewa isale, jani hilo la sale, hukatai msamaha, hata kama ni ng'ombe wako ameuawa. Nilipiga goti nikasema nimekuja kwa niaba ya Mama, kiburi chake tumekiona, tunaomba yaishe. Mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili. Alilia, nami nikalia, tukanywa uji, nikarudi nikijiona mtu mzima wa kusuluhisha wakubwa.

Mama alikuwa bandani. Nikamweleza. Alisimama na ndoo mkononi, uso umebadilika.

"Umeomba msamaha kwa kosa gani?"

Nikamwambia kwa kosa la kiburi, alilolikiri mwenyewe. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo kubwa. Akaufunga. Akasema haya, kama umeshaomba umeomba, ila safari nyingine isale yake asichume mtu mwingine. Tangu saa ile ni kimya. Hata Stesheni hakuwasha.

Yelewi, nitamaliza vipi Aprili humu ndani?

9 Aprili

Mvua. Kimya.

10 Aprili

Mvua. Amesema "pisha".

20 Aprili, Pasaka

Mama mdogo alikuja kula nasi machalari, na Mama alimsalimia vizuri, ila baada ya yeye kusema hodi kwa sauti. Isack alipiga simu kutoka Dar. Aliniuliza bi mkubwa anaendeleaje. Nikamwambia ana nguvu ila ana kisirani. Akacheka akasema kisirani ni afya.

Bosi naye ametuma ujumbe. Kundi langu limepatikana, wageni sita, tunaanza kupanda tarehe kumi Juni. Nimeusoma mpaka simu ikazima.

24 Aprili

Nimeshuka Moshi na deki nimeikumbatia ndani ya mifuko miwili ya rambo. Duka la Mzee Kishor sasa linauza vifuniko vya simu, na anayesimama kaunta ni mkwewe, Shivani. Mzee mwenyewe yuko nyuma, amezungukwa na redio za watu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaitazama deki kabla ya kunitazama mimi. Aliijua. Akaniuliza Mzee Ndelilio hajambo, nikamwambia Baba tulimzika. Akaacha kazi kidogo, akasema pole sana, akasema Baba ndiye mteja pekee aliyekuwa akimrudishia kanda huku akimsimulia kilichomo.

Amesafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, amekausha kanda mbili tatu nilizobeba. Picha imerudi. Shivani alisimama mlangoni kuangalia, na Abiria alipouliza "Bado?" akacheka hadi mteja akaondoka.

25 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye waya.

Nyuma ya deki kuna nyaya mbili, wa njano ni wa picha na mwekundu ni wa sauti. Jioni hii nilirudisha kila kitu mahali pake, Mama akaketi kwenye kiti cha Baba na kanga mabegani, amefurahi kwa mara ya kwanza tangu yale ya isale. Nikabonyeza. Picha ikaja safi, ajabu, unaona hata vifungo vya koti la Bwana Kengele. Anafagia, mdomo unacheza, sauti hakuna. Nilikuwa nimesahau ule mwekundu.

Nikageuka nimwambie asubiri. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye runinga, mwanga wake unamcheza usoni.

"Aikande, washa basi. Unanichelewesha."

Nilidhani ananitania. Kisha nikakumbuka chenga. Nikakumbuka kidole kwenye chai, na mkono wa mama mdogo uliobaki hewani. Nilimsogelea nikapunga mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa.

"Mama," nikasema, "imewaka."

Kwenye kioo Bi Zuhura alikuwa anafuma.

"Tangu lini imewaka?" akauliza.

"Tangu nilipoinuka nyuma ya deki."

"Basi umejua," akasema, na akaanza kukunja pindo la kanga, kulikunja na kulikunjua.

Alinieleza taratibu. Ilianzia pembeni, mwaka ule Baba anaumwa. Alidhani ni kukosa usingizi kwa kuuguza. Pembeni pakawa na ukungu, ukungu ukasogea katikati, na sasa jicho la kushoto halina kitu, la kulia linajua tu mlango uko wapi kwa mwanga wake. Njia anazijua kwa miguu, migomba anaijua kwa mikono, na ng'ombe anamjua yeye. Kanda anazijua kwa moyo, kila moja, kwa hiyo nikikaa karibu hachelewi kucheka, anawahi tu.

Nilikasirika. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa mpole. Nilikasirika mpaka nikasimama, nikaketi, nikasimama. Nikamwambia amekubali kuitwa mwenye kiburi mbele ya kanisa zima, amekubali mimi nimpigie mtu goti kwa kosa ambalo halipo!

"Kiburi hakimhamishi mtu kwake," akasema. "Upofu unamhamisha."

Nikamuuliza alifikiri atanificha mpaka lini.

"Mpaka Juni. Nilisema upande kwanza. Ukishashuka na kundi lako, utaambiwa."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwishowe Mama akafuta uso kwa kanga.

"Sasa weka hiyo sauti," akasema.

Nikachomeka waya mwekundu. Tuliangalia kanda nzima. Yeye alicheka mahali pake. Mimi nilikuwa namwangalia yeye.

29 Aprili

Hospitali. Foleni ndefu, dawa ya kutanua jicho, mashine moja, mashine nyingine. Daktari ni kijana mwenye heshima, amempa Mama shikamoo na kumshika mkono akimweleza. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kingezuilika kama angewahi. Kile kimwanga cha jicho la kulia kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote.

Mama aliuliza kama matone yanauma. Aliambiwa kidogo. Akasema basi si kitu.

Jioni nilimpigia Isack.

3 Mei

Isack amefika na gari lake, amebeba mikate na godoro jipya. Hakutulia. Alikuwa akisogeza vitu Mama asijikwae, na Mama akawa anajikwaa kwa sababu vimesogezwa. Tulikaa watatu. Isack alisema makubaliano ni makubaliano, nyumba yake ina chumba cha chini, wajukuu wapo, hospitali ipo. Hakusema kwa ubaya. Nilimwona baadaye ndani ya gari, ameinamia usukani, analia.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akasema, "Hapa mimi ni kipofu wa macho tu. Huko kwako nitakuwa kipofu wa kila kitu."

Hapo nikasema nililokuwa nimelala nalo. Nikasema haendi mtu popote, mimi nitabaki, bosi atafute mwingine. Nilitegemea watanishukuru. Isack aliangalia chini. Mama akageuza uso wake upande wangu, sawasawa kabisa, kama anaona.

"Wewe hukai. Masika hii yote nimekusikia ukizunguka humu ndani. Mlangoni, dirishani, barabarani, unarudi. Asubuhi kabla ng'ombe hajalia wewe umeshazunguka. Unataka nikusikie hivyo mpaka nife?"

Nikamwambia nitazoea.

"Utazoea, halafu utanichukia, na utanichukia kwa upole. Sitaki."

4 Mei

Hakuna aliyelala vizuri. Isack amepanga begi la Mama, Mama amelipangua.

5 Mei

Mama mdogo Rachel amekuja bila hodi, ameshasikia. Kwanza alimfokea Mama kwa Kichagga, yote, tangu mfereji hadi kanisa, kwamba yeye ameolewa ukoo mmoja naye na ameachwa ajichunguze dhambi zake miezi yote kwa jambo la macho. Kisha akanigeukia mimi na isale yangu, akasema nimemfanya asamehe hewa. Kisha akakaa chini akamshika Mama miguu, wakalia wote wawili kwa sauti, na mimi na Isack tukatoka nje tukasimama mvuani kama watoto waliofukuzwa.

Tuliporudi walikuwa wameshamaliza. Ng'ombe anahamia banda la mama mdogo kwa utaratibu wetu wa zamani wa kuwekeana mifugo: anayefuga anachukua maziwa na samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hivyo mama mdogo ana sababu ya kuvuka masale kila asubuhi na maziwa ya chai ya Mama na kumtia matone, na kila jioni kumtia mengine. Si fadhila, walisema, ni mapatano, na mapatano yana heshima yake. Isack alibisha, akachoka. Tumekubaliana tujaribu mpaka Desemba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, ndipo tuangalie.

Sijui kama ni busara. Kwa Mama, kumwacha ng'ombe ni kama kumwacha mtoto. Alimpeleka mwenyewe, amemshika shingoni, akazungumza naye njia nzima. Aliporudi akaingia kwenye banda tupu akakaa humo mpaka giza la mvua likaingia.

11 Mei

Jioni mama mdogo anaangalia Stesheni kwa mara ya kwanza maishani. Anamsimulia Mama kinachoonekana, na anasimulia vibaya. "Kuna mwanamume anafagia," anasema. Mama anamkatiza: huyo si mwanamume tu, ni Bwana Kengele, na hapo hafagii, anatafuta filimbi yake. Mama mdogo anasema yeye ndiye mwenye macho. Mama anasema macho anayo, ila hajui kuangalia. Wanabishana mpaka kanda inaisha na hawajaisikia.

17 Mei

Mvua imepungua. Leo mlima ulionekana mara moja, mweupe mpaka chini.

26 Mei

Nimemfundisha Mama kunipigia simu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Amenipigia mara nyingi nikiwa chumba cha pili. Nimeshapokea zote.

1 Juni

Nimefungasha. Naogopa kuliko nilivyoogopa mara ya kwanza kupanda. Nilimwambia Mama naweza bado kubaki. Akauliza soksi nimebeba ngapi.

11 Juni, Horombo

Usiku wa pili mlimani, na kundi ni langu. Wageni sita, wote wamekula, mmoja kichwa kinamgonga kidogo nitamwangalia. Mvua tumeiacha msituni. Hapa ni baridi kavu, na baada ya chakula mawingu yakafunguka chini yetu. Taa za Moshi zilikuwa upande wa kulia, na chini moja kwa moja vitaa vya kwetu, vingi, vimemwagika mteremkoni.

Nikatoka nje ya kibanda nikampigia. Alipokea mwenyewe. Matone ametiwa, ng'ombe anakula vizuri kuliko alivyokuwa akila kwake, jambo ambalo limemuudhi. Mama mdogo yuko hapo, wanakaanga ndizi. Kisha akaniambia:

"Nimewasha taa ya nje ili uione ukiwa huko juu. Unaiona?"

Nilitazama chini. Hakuna ambaye angeweza kuitambua taa moja kati ya zile, hata mwenye darubini.

"Naiona, Mama. Inawaka vizuri."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Umeme wetu hakuna tangu asubuhi," akasema. "Nguzo imeanguka."

Nilimsikia mama mdogo akiangua kicheko nyuma yake, kisha Mama mwenyewe, na mimi nikacheka mpaka mpishi akatoa kichwa jikoni kuniuliza kuna nini. Nilipojaribu kumjibu nikaona nalia.

"Sasa tumelingana," Mama akasema. "Kalale. Kesho una watu wa kupandisha."